Sanduku Lililokalia Kiti cha Bi Mbeyu

Bi Mbeyu alipomkuta kuku mwekundu ametaga juu ya kiti chake, alijua kwamba kuna mtu ndani ya nyumba ile amefanya jambo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha gari. Kiti cha nyuma kabisa cha Noah ya mjukuu wake Nassir, upande wa kushoto, dirishani. Miaka minne alikuwa akikikalia: kwenda kupimwa presha, kwenda matangani Gazi na harusini Tiwi, kwenda kuuza kamba zake za usumba wa nazi sokoni Kombani. Kilikuwa kimeshika umbo lake, hata mtu mwingine akikikalia alihisi kama amepakatwa. Sasa kimeng'olewa, kimetupwa bandani, na kuku amejipatia gari.

Akajifunga leso kiunoni, akaenda uani Noah ilikoegeshwa, akafungua mlango wa nyuma. Pale penye kiti chake palikuwa pamekaa sanduku jeusi, kubwa kama kasha la nguo za bibi harusi, lina mdomo wa mviringo kama chungu cha wali. Halikumwamkia.

"Bibi!" Nassir alipaza sauti, mdomo wake karibu na sikio la bibi yake, maana Msambweni nzima ilijua kwamba Bi Mbeyu hasikii vizuri. "Hilo ni wufa! La kutoa besi! Nimefunga saraundi!"

"Umefunga ndoa?" Bi Mbeyu alimaka. "Na mimi mkeo wa kwanza nisiambiwe?"

"Saraundi, bibi! Mziki! Spika mbele, spika milangoni, spika nyuma! Sauti inakuzunguka!"

"Aa. Na mimi nitakaa wapi ikishanizunguka?"

Nassir akakuna shingo. Alikuwa kijana mzuri, hana ubaya, ila alipopenda kitu alikipenda kwa macho yote mawili, asibakishe la kutazamia pembeni. Watalii aliowachukua Diani kuwapeleka Shimoni, wakavuke hadi Wasini, walikuwa wakiulizia gari lenye mziki. Watu wa harusi vivyo hivyo. Gari bila mziki siku hizi, alisema, ni mkokoteni.

"Mkokoteni una pa kukaa," Bi Mbeyu akajibu.

"Jumapili utapanda pikapu, bibi! Na masufuria! Nitakuwekea godoro!"

Basi hapo ndipo Bi Mbeyu alipoacha mzaha. Jumapili ilikuwa siku ya kumpeleka Husna, dada yake Nassir, kwa mumewe Kombani. Na katika ukoo ule, tangu enzi za kwenda kwa miguu, bibi ndiye anayekaa nyuma ya mwali njia nzima, na bibi ndiye anayemshika mkono akamkabidhi kwa wakwe. Bibi akija kando, nyuma, miongoni mwa masufuria, mwali huonekana amefika kama mzigo ulioteremshwa na kondakta. Yeye mwenyewe alipelekwa na bibi yake. Alimpeleka binti yake, akawapeleka wajukuu watatu. Huyu Husna alikuwa wa mwisho. Baada yake hakuna mwali mwingine wa kupeleka, labda kuku.

Sasa ni lazima isemwe siri ya Bi Mbeyu, maana bila hiyo mambo hayaeleweki. Bi Mbeyu alikuwa anasikia. Alikuwa anasikia kama paka. Miaka mitatu nyuma alishikwa na mafua makali, masikio yakaziba wiki mbili, na katika wiki mbili zile akagundua jambo la ajabu: watu walikuwa wakisema mbele yake kana kwamba yeye ni mtungi. Masikio yalipozibuka hakuona haja ya kutangaza. Nani hutangaza kwamba ameokota lulu? Tangu hapo alijua Twaiba, mke wa mwanawe, huficha wapi halua. Alijua Husna anampenda Issa wa Kombani miezi sita kabla posa haijaletwa. Alijua na mengine, ambayo mtu mzima huyameza pamoja na chai.

Na Jumanne ya wiki ile, kiti hakijang'olewa, alikuwa amekaa nyuma ya jiko akiponda makumbi ya nazi, Nassir akawa anasema na simu hatua mbili kutoka kwake. Alisema hivi: "Kiilu, wewe ng'oa tu kile kiti cha nyuma. Anakikalia bibi, na bibi mwenyewe hasikii. Saraundi itamfaa nini?"

Rungu la kupondea makumbi lilisimama hewani. Kisha likashuka, na kumbi lile likapondeka kuliko mengine yote.

*

Ijumaa baada ya alasiri, Kiilu fundi alifika kutoka Ukunda kurekebisha mambo ya mwisho. Alikuwa Mkamba aliyezaliwa Shimba Hills, kijana mrefu, mfukoni ana bisibisi saba.

"Niaje, shosho," alimsalimu Bi Mbeyu.

Bi Mbeyu akamtazama mpaka kijana akajitazama na yeye.

"Shikamoo, bibi," Kiilu alijirekebisha.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyeng'oa kiti?"

"Ndiyo, lakini hii mziki iko fiti, bibi. Wote wanaitaka. Ukikaa ndani unaskia kama uko kwa stage!"

Uani walikuwapo Twaiba, anachagua mchele kwenye ungo, na Husna mwenyewe, hina mbichi miguuni, amekatazwa kutembea. Bi Mbeyu akaona mashahidi wametimia. Akajivuta mpaka kwenye gari kwa mwendo wa mzee kuliko alivyokuwa, akamgeukia Nassir.

"Mume wangu," akasema, "mimi sitaki ugomvi na mke mwenzangu." Akalipigapiga sanduku mgongoni. "Huyu amekuja, ana sauti nzuri, ana umbo. Lakini mke mpya hujaribiwa. Piga wimbo wetu ule tuliouimba Jumatano. Mimi nitakaa katikati ya gari, nifunge macho. Nikishindwa kukuonyesha kasoro ya mziki huu, Jumapili nitapanda pikapu na masufuria, tena nitapiga vigelegele njia nzima. Nikiionyesha, mke mwenzangu ashuke, kiti changu kirudi."

Nassir akacheka mpaka akashika boneti. Bibi asiyesikia adhana ya msikiti ulio mkabala na nyumba, leo akosoe saraundi! Hata Twaiba alificha tabasamu kwenye ungo.

"Haya, bibi! Nimekubali!"

"Sema mbele ya mashahidi. Mimi sisikii vizuri."

"Wallahi nimekubali!" Nassir alipaza sauti mpaka kuku wakaruka.

Wimbo wenyewe Bi Mbeyu aliutunga mwenyewe kwa ajili ya Husna, na wanawake saba waliuimba uani pale, Nassir akiwarekodi kwa simu na vinasa sauti viwili alivyoazima hotelini. Bi Mbeyu aliwapanga kama alivyowapanga waimbaji miaka arubaini: yeye katikati kama msemaji mwenye kuanzisha wimbo, Mama Luqman mwenye sauti nyembamba kushoto, wenye sauti nzito kulia karibu na rundo la makumbi, na waitikiaji nyuma yao.

Akapanda. Akakaa kiti cha katikati, akajifunika leso usoni. Kiilu akabonyeza.

Gari likatetemeka. Vioo vikatetemeka. Maji ya kunawia ndani ya ndoo, hatua kumi kutoka garini, yakafanya mawimbi. Bi Mbeyu alikaa, leso ikimpiga puani kila besi ilipopiga. Wimbo ukaisha. Hakufunua.

"Rudia," akasema.

Wakarudia. Nassir alikuwa tayari anamkonyeza fundi. Bi Mbeyu akafunua leso.

"Mlango wa nyuma wa kulia," akasema kwa sauti ya taratibu kabisa, "ndani yake kuna skrubu haikukazwa. Inalia kila sanduku linapoguna. Spika ya nyuma kushoto mmeipa sauti kuliko ya mbele, sasa waitikiaji wananiimbia kisogoni, na mimi msemaji niko mbali, kama nimeachwa kisiwani Funzi. Na nani huimbia mtu kisogoni? Mbu. Mama Luqman alikohoa ubeti wa pili, akakohoa kushoto, hapa mnamkohoza pande nne kama watu wanne wana kifua. Na huyu mke mwenzangu," akalionyesha sanduku kwa kidevu, "hajui neno hata moja la wimbo. Anaguna tu, na akiguna anameza maneno ya watu. Nimejitafuta ndani ya wimbo wangu mwenyewe, sikujiona."

Punje za mchele zilisikika zikidondoka kutoka kwenye ungo wa Twaiba.

"Amebahatisha," Nassir akasema, lakini alisema polepole.

"Fungua mlango, Kiilu."

Kiilu akatoa bisibisi ya tatu, akafungua ubao wa mlango wa nyuma wa kulia, akaingiza mkono. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika skrubu. Akaitazama kama mtu aliyeokota jino lake.

"Nassir," alisema, "huyu bibi yako hana masikio mabovu. Mimi mwenyewe nilikaa humo ndani saa mbili nzima na sikuskia hii."

"Lakini yeye hasikii!" Nassir alilia. "Bibi, wewe husikii!"

"'Kiilu, wewe ng'oa tu kile kiti cha nyuma,'" Bi Mbeyu akaanza, kwa sauti ya Nassir, akikuna shingo kama Nassir. "'Anakikalia bibi, na bibi mwenyewe hasikii. Saraundi itamfaa nini?'"

Hakuna aliyecheka. Nassir alitazama vidole vya miguu yake. Kijana yule alikuwa amelelewa na bibi yule, amebebwa mgongoni mwake kwenda kupigwa sindano, na sasa alitamani ardhi imfanyie nafasi.

"Mama!" Ni Twaiba, amesimama, ungo umemponyoka. "Mama, kumbe unasikia?"

"Nimesikia tangu nizaliwe, mwanangu. Nilipumzika kidogo tu."

Twaiba akashika kifua. Ilionekana wazi usoni mwake kwamba alikuwa anarudi nyuma siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu yote, akiokota kila neno alilowahi kulisema jikoni. Bi Mbeyu akamwonea huruma.

"Usijisumbue," akamwambia. "Mengi nimeyasahau. Ila ile halua ndani ya pipa la unga inakauka. Iletwe tuile."

Husna ndiye aliyevunjika mbavu kwanza. Alicheka, hina ikamwagika mpaka kwenye mkeka, na kicheko chake kikamwambukiza Kiilu, kisha Twaiba naye, machozi yakimtoka. Mwishoni hata Nassir, kwa shida, kama mtu anayecheka amevaa kiatu cha kubana. Akaja akapiga goti mbele ya mlango wa gari.

"Nisamehe, bibi."

"Simama, mume wangu. Umeapa wallahi. Mshushe mke mwenzangu."

*

Lakini Bi Mbeyu hakuwa mtu wa kushinda akaishia hapo. Alikuwa amekaa katikati ya mziki ule mara mbili, leso usoni, na kuna mahali, pale besi ilipopumua kidogo, alisikia jambo: sauti yake mbele, za wenzake kando, kana kwamba amerudi uani Jumatano. Lilidumu sekunde chache. Alilitaka tena, ila hakutaka kumwambia Nassir mapema. Kijana akae na haya yake kidogo, inafaa kwa afya.

"Kiilu," akaita, sanduku liliposhuka. "Spika za nyuma zinaweza kupunguzwa?"

"Zinaweza, bibi."

"Zipunguze ziwe nusu. Waitikiaji ni waitikiaji, hawamshindi msemaji. Na mimi niweke mbele, kati, hapo kando ya usukani. Mwenye kusema na mtu humwelekea usoni."

Kiilu akasita. "Hivyo ndivyo mwalimu wetu alitufunza," alisema. "Mbele ndiyo kubwa, nyuma inasaidia tu. Lakini wateja wanataka ngurumo. Ukiwawekea kitu smart wanasema umewaibia."

"Mimi si mteja. Mimi ni msemaji."

Kisha akagonga ubao wa mlango kwa kifundo cha kidole. Ulilia. Akagonga mwingine, nao ukalia.

"Tupu," akasema. "Na debe tupu mnajua tabia yake. Nassir! Lete gunia la usumba."

Hapo ndipo vijana wawili walipojifunza kazi kwa bibi mmoja. Usumba wake ulikuwa wa makumbi yaliyolala miezi chini ya mchanga wa pwani, yakapondwa, yakachambuliwa, yakaanikwa hata yakawa mekundu mepesi kama nywele za mzungu. Maisha yake yote alikuwa amejaza usumba ndani ya magodoro, na kila mtu ajuaye godoro la usumba anajua kwamba halina kelele. Ndiyo maana maharusi wa zamani walilipenda. Hilo alilisema mbele ya Husna makusudi, Husna akafunika uso. Wakajaza usumba nyuma ya mbao za pembeni mwa gari na kwenye uwazi wa nyuma, mbali na nyaya, mbali na maji ya mvua, Kiilu akimulika na Bi Mbeyu akishindilia kwa kidole gumba. Halafu kuku mwekundu akaombwa radhi, kiti kikarudishwa mahali pake, yai likaenda jikoni.

Kiilu akabonyeza. Bi Mbeyu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, nyuma, kushoto, dirishani.

*Mwali wetu twamleta, wenye nyumba fungueni,*
*Hakuja kwa kuokotwa, ana kwao Msambweni.*

Na kutoka nyuma, kwa upole, kila mmoja mahali pake: *Ana kwao! Ana kwao!* Mama Luqman akakohoa mara moja, kushoto.

Nassir alikuwa amesimama nje, mkono juu ya mlango. Wimbo ukaisha. "Subhanallah," alisema. "Kama mko humo ndani."

*

Jumapili waliondoka baada ya adhuhuri: Noah mbele, magari mawili ya wajomba, na pikapu ya masufuria nyuma kabisa. Njia ilikuwa nzuri, Ukunda wakapigiwa honi, Tiwi wakapungiwa mikono. Walipokaribia njia panda ya Kombani, gari zikasimama. Kutoka upande wa Kwale ilikuwa imeshuka harusi nyingine, msafara wa magari saba, na mbele yake gari jeusi lenye maspika makubwa mpaka mlango wake wa nyuma haukufungika. Misafara miwili ikakutana uso kwa uso, katikati ya maembe na abiria na bodaboda, hakuna wa kumpisha mwenzake.

Gari jeusi likafungulia mziki. Lilikuwa likinguruma kweli. Namba yake ya usajili ilicheza, muuza mayai akaikumbatia trei yake. Lakini kama mtu angeuliza wimbo ni upi, hakuna aliyejua. Ilikuwa ngurumo tu, na ndani yake mtu mmoja analalamika mbali.

Nassir alitazama kioo cha ndani. Macho yake yakakutana na ya bibi yake.

"Bibi, wametuzidi."

"Wametuzidi kelele. Shusha vioo vyote, mume wangu. Fungua na milango. Piga."

Wimbo ukatoka. Haukutoka kwa nguvu ya kumvunja mtu kifua. Ulitoka safi, neno kwa neno, na kila besi ya wale wengine ilipovuta pumzi, neno la Bi Mbeyu likapita. *Hakuja kwa kuokotwa.* Muuza maembe akageuka. *Ana kwao Msambweni.* Mama mmoja wa mchicha akasema, "Ebo, hao wanasema!" Bi Mbeyu akatoa kichwa dirishani mwa kiti chake, akajibizana na sauti yake mwenyewe, ya garini na ya kooni, na soko likaona jambo hilo ni tamu mno kuliacha. Wanawake wa mchicha wakaitikia: *Ana kwao!* Wa samaki wakaitikia. Bodaboda wakaitikia kwa honi. Mara ya tatu, njia panda nzima ya Kombani ilikuwa ikisema kwa sauti moja kwamba Husna ana kwao, na vigelegele vikapanda mpaka mapaa ya mabati yakajibu.

Katika gari jeusi, bibi harusi wa watu, ambaye naye alikuwa na masikio, akamgonga dereva begani. Ngurumo ikazimwa. Kisha mkono wenye hina ukatoka dirishani, ukapiga makofi pamoja na wengine.

"Wapishe, maskini," Bi Mbeyu akasema. "Mwali ni mwali. Lakini sisi twende kwanza."

Na walikwenda kwanza. Walifika kwa wakwe soko likiwafuata nyuma, Bi Mbeyu akashuka kutoka kwenye kiti chake, akamshika Husna mkono, akautia kwenye mkono wa mama mkwe mbele ya macho ya Kombani yote. "Huyu hapa," alisema. "Mmesikia ana kwao wapi." Alikuwa amenyooka kuliko siku nyingi. Machozi yalimtoka, na alipoulizwa alisema ni vumbi la barabara ya lami.

Pikapu ilifika mwisho. Juu yake, katikati ya masufuria, limepigwa masizi mpaka mdomoni, limekaa sanduku jeusi. Nassir alikuwa ameahidi kumrudishia Kiilu wakati wa kurudi, na pikapu ndiyo pekee iliyokuwa na nafasi. Bi Mbeyu alipolipita aliliamkia.

Jioni wakati wa kurudi, barabara ikiwa nyeupe kwa jua la magharibi, Nassir aliendesha polepole. Twaiba alikuwa amelala mbele, mkufu umempanda shingoni. Nassir akaangalia tena kile kioo.

"Bibi," alisema, "kwa hiyo na wewe umekubali. Saraundi ndani ya gari ina faida."

Kiti cha nyuma, kushoto, dirishani, kilikuwa kimya.

"Bibi? Nasema, umekubali kwamba nilikuwa na haki ya kufunga saraundi?"

Bi Mbeyu akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama mbele, uso wake wote umejaa unyonge.

"Unasemaje, mume wangu? Paza sauti. Hili sikio langu tangu yale mafua, wewe wajua, halijakaa sawa."